Bakshishi ya harusi: nani apewe, lini, na kwa mkono wa nani

Saa saba za usiku, kupamba, yaani sherehe ya wanawake ya kumtoa biharusi, kumekwisha. Biharusi ameshatolewa kwa mlango wa nyuma, wageni wanagombea tuktuk nje, na kando ya jukwaa wamesimama wasichana wanane waliokuwa wakigawa chakula tangu magharibi. Hawaondoki. Hawaombi kitu pia. Wanakunja vitambaa vya meza polepole mno. Mwenye kampuni ya chakula alilipwa salio lake tangu Alhamisi na saa hizi yuko kwake amelala. Mama wa biharusi ana mkoba, ila ndani mna kioo, chupa ya mafuta ya udi na noti moja ya elfu. Pesa za harusi anazo baba, na baba haingii kupambani.

Harusi za Mombasa haziaibiki kwa uchoyo mara nyingi. Huaibika hapo: pesa zipo na nia ipo, lakini hakuna aliyezigawa mapema, akazivunja noti ndogo, akampa mtu aliye upande wa pili wa pazia.

Tuanze na majina, maana ugomvi mwingi ni wa majina. Arbuni ni pesa ya kufunga tarehe. Salio ni kile kilichobaki kwenye bei mliyopatana. Nauli ni ya kumfikisha mtu kwake. Bakshishi ni shukrani juu ya hayo yote, na hakuna anayeidai. Vinne hivi vikiingia mkono mmoja kwa wakati mmoja, kesho yake utapigiwa simu: "Mama, ile elfu mbili ya jana nilifikiri ni ya salio." Naye hasemi uongo. Kwa hiyo salio lilipwe siku moja kabla au asubuhi ya siku yenyewe, kwa njia inayoacha alama, yaani risiti au ujumbe wa M-Pesa. Bakshishi itoke usiku, taslimu, ndani ya bahasha, kwa mtu mwingine na kwa neno lake: "Hii si ya hesabu, hii ni kifuta jasho."

Nauli nayo iulizwe siku ya kupatana. Msichana anayeishi Kisauni au Mtwapa hawezi kumaliza kazi saa saba akasubiri matatu, na wa Likoni ana feri mbele yake. Kama bei haikutaja usafiri wa kurudi, basi mia mbili utakayompa itaishia kwenye tuktuk, na wewe utahesabu umetoa bakshishi ilhali umelipa nauli tu.

Nani apewe? Kanuni tunayoifuata ni nyepesi: mwenye kazi hupanga bei yake, na faida yake imo humo. Bakshishi ni ya yule ambaye bei haikupangwa naye. Mwenye kampuni ya mapambo, mwenye hema, mwenye ukumbi na mwenye studio ya picha, hao wapewe salio lao kwa wakati, nayo ni heshima tosha (na wengi watakuambia ni adimu kuliko bakshishi). Anayebeba, anayeosha, anayepakua, anayeshikilia taa ya mpiga picha kwa saa tano bila kukaa, huyo ndiye. Dada wa hina anayefanya kazi peke yake yuko katikati. Bei kaipanga mwenyewe, lakini biharusi anapotaka maua yapande mpaka juu ya kiwiko na mlipatana mkono tu, usimwongezee "bakshishi". Mwongezee bei, palepale, kabla hajachovya tena.

Hebu tufanye hesabu ya harusi moja ya kawaida, wageni kama mia nne pande zote mbili. Wasaidizi wa mpishi watano, mia tatu kila mmoja: 1,500. Waosha masufuria wawili, mia tatu: 600. Wagawaji wa chakula wanane, mia mbili: 1,600. Wasaidizi wawili wa mpambaji, mia tatu: 600. Msaidizi wa dada wa hina, 300. Vijana wanne wa hema na viti, mia mbili: 800. Wasichana wawili wa kamera ambao si wenye studio, mia tano: 1,000. Dereva wa gari la biharusi, 1,000. Walinzi wawili wa geti na maegesho, mia mbili: 400. Wasafishaji wawili wa ukumbi na vyoo, mia mbili: 400. Jumla ni shilingi 8,200.

Viwango hivi ni vyetu na si sheria. Mwenye uwezo aongeze, na mwenye harusi ndogo apunguze hadi nusu, lakini asipunguze watu. Mia kwa kila mmoja ni bora kuliko elfu kwa mmoja na macho kwa waliobaki.

Elfu nane na mia mbili hazina faida zikiwa noti nane za elfu na moja ya mia mbili. Kwa hesabu hiyo unahitaji noti 22 za mia mbili, 18 za mia (za vijana wa hema ziwe mia mia, sababu iko mwishoni), 2 za mia tano na 1 ya elfu. Andika hivyo kwenye karatasi, mpe karani wa benki Alhamisi au Ijumaa asubuhi. Usingoje Jumamosi. Wakala wa M-Pesa wa mtaani atakupa alichonacho, na usiku wa Jumamosi alichonacho ni noti za elfu tu. Duka la kuvunjia noti ya elfu saa sita za usiku hulipati, na ukilipata utalazimishwa kununua soda.

Juu ya bahasha andika kazi, usiandike jina. Aliyekuja kupima ukumbi Jumatano sio atakayekuja Jumamosi. "Mwosha sufuria 1", "mwosha sufuria 2", "kamera", "mlangoni". Kisha bahasha zigawe mafungu mawili. Fungu la wanaume, yaani jikoni, hema, geti na dereva, alishike kaka au binamu wa kiume ambaye si shahidi wala hapigwi picha. Fungu la kupambani alishike shangazi au dada mkubwa mwenye sauti na asiyependa kucheza. Mama wa biharusi asipewe kazi hii kabisa. Usiku ule mama hana mkono wala akili ya ziada.

Jikoni ndiko mambo mengi hukwama. Mpishi mkuu huja na watu wake, na pesa ukimpa yeye "awagawie vijana" hujui itafika vipi. Wapo waaminifu sana, na wapo wanaoihesabu kuwa ujira wa vijana waliokuwa wanawadai. Akikuuliza mbele ya watu, "Na vijana wangu unawaachia nini?", jibu lipo, wala si la ukali: "Wamo kwenye hesabu, watapewa mkononi wakimaliza." Mpishi mzuri hatachukia. Atakayechukia amekuambia kitu.

Wakati wa kutoa ni pale masinia ya mwisho yamekwisha kutoka, si wakati wali unapaliwa. Ukitoa mapema, kijana wa kupalia makaa juu ya vifuniko ataondoka kwenda kununua sigara, na ndipo wali wa juu hubaki kiini. Waosha masufuria wapewe mwisho kabisa, baada ya masizi kutoka, kwa sababu wao ndio hubaki wakati kila mtu ameondoka, na ndio hao wanaokuta bahasha zimekwisha. Halafu kuna kina mama waliomenya vitunguu na vitunguu thomu usiku wa kuamkia harusi. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya majirani, na shukrani yake ilikuwa sahani ya biriani iliyofunikwa kitambaa, ikapelekwa mlangoni. Siku hizi wengi hukodiwa, humaliza alfajiri na kwenda zao kabla mwenye bahasha hajaamka. Kama jikoni lako lina kina mama hao, watolee yao usiku ule ule wa kumenya. Na wale majirani waliokuja kwa hiari usiwape pesa. Wapelekee sahani, na masala yawe mengi.

Kabla ya bahasha yoyote kuna chakula. Wanaofanya kazi kwenye harusi hushinda na njaa mbele ya biriani, hasa upande wa wanawake, ambako wasichana wa kamera na wagawaji hawawezi kuacha kazi kwa zamu. Wahesabu tangu siku ya kununua mchele. Watu 25, kwa mfano, ni masinia matano ya watu watano watano, na yatolewe kabla ya wageni, yafunikwe, yawekwe chumba cha nyuma. Ukisema "watakula kitakachobaki", kitakachobaki ni ukoko na viazi viwili.

Kupambani kuna mtu mmoja ambaye karibu kila harusi humsahau: dada wa mlangoni anayekagua simu. Kwenye kupamba ambako wanawake wameacha buibui na mitandio, picha moja iliyopigwa kwa siri ni msiba wa familia nzima, na yeye ndiye ukuta. Kwa saa nne hutukanwa na mashangazi wa pande zote mbili. Kwenye hesabu ya juu hayumo kwa sababu aghalabu ni mtu wa familia au wa kuitwa dakika za mwisho. Mwongeze kwa mia tano, umpe mapema, akiwa bado ana moyo wa kukataa.

Sasa kutunza, maana huko ndiko pesa hutembea hadharani, na ndiko adabu inakohitajika zaidi. Kutunza si bakshishi ya kazi. Ni kusema kwa noti. Mwimbaji wa taarabu akifika kwenye ubeti unaokugusa, unainuka, unakwenda kwa mwendo wako, unaweka noti mkononi mwake au kwenye kikapu kilicho mbele ya wapigaji, unarudi. Ukumbi mzima umeshasoma. Kwa hiyo angalia ubeti unaoutunza. Ukiinuka kwenye fumbo la mke mwenza huku macho yako yako meza ya tatu, usishangae noti ya mia ikawa kesi ya miaka miwili.

Kabla ya siku, muulize kiongozi wa kikundi swali moja: tunzo ni za nani? Vipo vikundi vinavyotoza bei kamili na tunzo huwa za mwimbaji, vipo vinavyokusanya zote na kugawana baadaye, na vipo vinavyokubali bei ya chini kwa kutegemea tunzo. Hao wa mwisho wasipotunzwa vya kutosha huanza kufupisha nyimbo, na utawajua kwa mwimbaji anayemaliza huku hajarudia kiitikio. Kama muziki ni wa di-jei na hakuna mwimbaji, hapo anayetunzwa ni biharusi au mama yake anayecheza, na pesa hizo ni zao. Awepo mtoto wa kike wa nyumba hiyo mwenye kikapu, atembee nao. Di-jei hana haki ya kuzikusanya kwa madai kwamba wimbo ni wake.

Wimbo wa taarabu unaweza kupita dakika kumi, na noti kumi za mia zikaisha kabla haujafika nusu. Atakayetunza ajipangie: noti 20 za hamsini ni elfu moja, na zinampa safari ishirini za kuinuka. Usizirushe chini. Watoto watazivamia, mtu atateleza na viatu virefu, na mkia wa gauni la biharusi utakanyagwa. Wala usimpachike biharusi noti kwa pini. Gauni la kukodi likitoboka, mwenye gauni atakata kwenye amana yako.

Msikitini mambo ni tulivu zaidi. Cheti cha ndoa kina ada yake rasmi. Ilipe, uchukue risiti, basi. Kadhi ni ofisa wa Mahakama kwa Katiba ya 2010, na watumishi wa umma wana sheria za maadili, kwa hiyo usimtie mtu mtihanini kwa kumsukumia bahasha mezani. Sheikh wa mtaa aliyeitwa kusoma khutba ya nikaha ni jambo jingine. Yeye hupewa shukrani, na hupewa na walii (msimamizi wa biharusi) au kaka, baada ya dua, mkono kwa mkono wakati wa kuagana, pamoja na kifurushi cha halua. Kiasi hakitajwi. Ukikitaja, umemnunua.

Mtu wa kuangaliwa pale ni mtunza msikiti. Halua ina mafuta, kahawa inamwagika, na mswala wa msikiti hushika madoa. Tandika karatasi za nailoni kabla ya masinia ya halua kuingia, kisha umpe mia tano kwa sababu hata hivyo atapiga magoti na kitambaa baada ya nyote kwenda kwenye biriani. Muuza kahawa na dele lake (birika la kahawa) mlipatana kwa dele au kwa usiku mzima, kwa hiyo bakshishi yake ni mia mbili tatu, na vikombe vyake vihesabiwe kabla hajaondoka. Vikombe vidogo vile hupotelea mifukoni mwa watoto.

Somo wa biharusi hapewi bahasha. Aliyemkalisha biharusi ndani, akamsinga, akamfunza ya ndani ya nyumba, hashukuriwi kwa noti mbele za watu. Hupelekewa leso, jozi kamili, kutoka Mtaa wa Biashara, na pesa hufungwa kwenye pindo la leso. Fundo dogo, leso ikunjwe pindo likiwa ndani. Hapa pana mtego mmoja ambao vijana wanaonunua kwa kutazama rangi huingia: soma jina la leso kabla ya kulipa. Rangi zinaweza kuwa nzuri na maandishi yakawa "Shukrani ya punda ni mateke". Somo atasoma, na hatakwambia kitu. Ataivaa siku ya arobaini ya mtoto wako.

Jamaa aliyefanya kazi, kwa mfano wifi mpambaji au binamu mpiga picha, naye huchanganya watu. Pesa ya bakshishi kwa ndugu inaweza kuwa tusi, lakini kumwachia gharama zake ni tusi kubwa zaidi. Mlipe vifaa vyote kwa senti: maua, vipodozi, mafuta ya gari, kadi za kuhifadhia picha. Kazi ya mikono yake ishukuru kwa kitu, leso au udi, na kwa neno mbele ya wakubwa.

Kuhusu M-Pesa, ni nzuri kwa salio na mbovu kwa bakshishi ndogo. Kwa bei za sasa, kutoa shilingi 200 kwa wakala hukatwa 29, yaani karibu sehemu ya saba ya shukrani yako imeliwa njiani, isipokuwa umeongeza ya kutolea. Na usitume kwenye till ya biashara (namba ya kampuni ya kupokelea malipo) ukitumaini itawafikia vijana. Till ni ya mwenye kampuni, na pesa ikiingia humo haina jina. Kama noti zimekwisha, omba namba ya mtu mwenyewe, andika kwenye karatasi, utume kesho asubuhi. Kesho, si wiki ijayo baada ya fungate.

Hoteli za Nyali na pwani ya kaskazini: soma bili. Ikiwa imeshawekewa ada ya huduma, huna deni juu ya bili hiyo. Mpe mhudumu aliyekuangalia meza kuu mkononi mwake ukipenda, ukaishie hapo.

Na kazi ikiharibika? Tenganisha kosa na mtu. Mwenye hema akichelewa saa tatu, vijana waliokimbia na vyuma juani hawakupanga kuchelewa. Wao wapewe, na yeye mkutane kwenye salio. Hema likivuja mvua ya Mei, angalia kama turubai lilikuwa bovu, ambalo ni la mwenyewe, au kamba zililegezwa, ambalo ni la vijana. Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, ikimchoma biharusi mikono, usijadili bakshishi. Dawa ya nywele iliyotiwa ndani yake inaweza kutoa malengelenge, apelekwe kwa daktari kwanza. Mwenye studio akichelewesha picha, usimtie chambo cha pesa ya ziada ili aharakishe, maana utakuwa umemfunza bei mpya. Tarehe ya kupokea picha iandikwe kwenye mapatano, na sehemu ya salio ibaki mpaka siku hiyo.

Wa mwisho ni vijana wa kubomoa hema. Waliolisimamisha Ijumaa na watakaolibomoa Jumapili si lazima wawe walewale, kwa hiyo zile mia mbili mbili zigawe: mia wakati wa kusimamisha, mia wakati wa kubomoa, na ya kubomoa itoke baada ya viti kuhesabiwa mbele yao. Wanakuja saa mbili asubuhi. Bahasha yao ipewe mtu ambaye saa hiyo atakuwa ameamka.